Mkwe Hupimwa Sokoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali, simu juu ya pua, kaeni vizuri kwanza. Mimi ni bibi wa watu, sitaki kusomwa na mtu aliyelala. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo msitafute hapa Kiswahili cha redioni. Nitasema ninavyojua, na ninachojua ni chakula.

Wakati wetu, pale Uvira, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, chakula kilikuwa na siku moja tu ya kuishi. Asubuhi kimefika, jioni kimeliwa, kesho kinatafutwa kingine. Frigo, ndivyo sisi tunavyoita friji, niliiona mara moja nyumbani kwa padri nikadhani ni kabati la mavazi ya misa. Mama yangu alikuwa anachukua kikapu kila siku ya Mungu, mvua au jua, na mimi nyuma yake, miguu peku, kanga ya jana kiunoni. Mitumbwi imerudi ziwani, samaki wetu mikeke bado wanarukaruka kwenye beseni, ndagala, wale dagaa wa kwetu, zinang'aa kama mtu amemwaga sindano. Harufu ile ikinijia leo, hata hapa Sydney, tumbo langu linageuka mtoto.

Mama alikuwa hanunui haraka. Anamwinua samaki, anamtazama jicho. Anamfungua mashavu aone kama ndani ni mekundu. Anambonyeza tumbo. Muuzaji akianza kusifu, mama anamkata: "Samaki hasemi uongo. Mwenye samaki ndiye anayesema." Halafu wanavutana bei, wanatukanana kidogo kwa upendo, wanaulizana hali za watoto. Na mambo yakiisha, mama haondoki. Anasimama pale pale, mkono wazi. Anangoja matabishi. Ndiyo ile nyongeza ya bure, samaki mmoja mdogo, ndagala kiganja kimoja, cha kuonyesha kwamba sisi ni watu na tutaonana tena kesho. "Asiyepewa matabishi," mama alikuwa anasema, "amenunua, lakini hajapokelewa."

Sisi watoto tulicheza soko nyuma ya nyumba. Ugali wa udongo, sombe, ndiyo kisamvu, ya majani ya ua, samaki ni vipande vya mti. Mtoto aliyenyima matabishi tulimfukuza mchezoni mpaka alie. Leo wajukuu wanacheza kupiga watu risasi kwenye kioo, halafu wananiambia mchezo wetu ulikuwa wa fujo.

Sasa nisikilizeni jambo moja. Kaka yangu mkubwa alipooa, mama hakumuuliza bibi harusi kama anajua kupika. Kila msichana angesema anajua. Alimpa kikapu, akasema, "Twende." Basi. Yule bibi harusi akatangulia, mama akamfuata nyuma, mikono mgongoni, kimya kama mkaguzi wa shule. Bibi harusi kwa aibu akachukua samaki wa kwanza kumwona, jicho limeshaingia ndani. Mama akamwinua yule samaki mbele ya soko zima: "Huyu tunampika au tunamzika?" Watu walicheka mpaka mizani ikaanguka. Lakini mama hakumwacha pale. Alimfundisha siku ile ile, na yule dada akaja kuwa mnunuzi wa kuogopwa. Kwetu ndivyo mke alivyoingia ukoo. Kanisani aliolewa na mume, sokoni aliolewa na sisi.

Vita ikaja ikatutoa. Sitaieleza, mnaoijua mnaijua. Tukakaa kambini upande wa Kigoma miaka mingi, huko akazaliwa mjukuu wangu Byamungu. Wazazi wake wote wawili tuliwazika huko. Nikaja naye Australia akiwa mvulana, nikamlea hapa Guildford, mtaa wa Sydney, akawa mwanaume mrefu wa kuendesha mashine za kuinua mizigo kwenye bohari. Na mwaka juzi akaoa. Akamwoa Lin.

Lin ni Mchina. Amekuja hapa mdogo pamoja na mama yake, anauguza wagonjwa hospitali ya Westmead. Kiswahili amekiokota kwetu kipande kipande, akikwama anaziba na Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha basi na cha daktari. Tulielewana hivyo hivyo. Tena mimi kwa desturi yetu ni mke wa kwanza wa mjukuu wangu, kwa hiyo nilimwita mke mwenzangu. Mara ya kwanza aliposikia maana yake alimgeukia Byamungu, macho yamemtoka. "Ni utani, ni utani," yule akajitetea. Nikamwambia, "Utani gani? Nguo zako ulizivishwa na nani?"

Shida haikuwa rangi, wala dini, wala lugha. Shida ilikuwa tumbo.

Lin anachemsha mifupa kutwa nzima, supu inaimba polepole tangu chai ya asubuhi. Byamungu anaingia ameziba pua. "Bibi, seriously, nyumba inanuka kama kiwanda." Lin naye analalamikia ndagala zetu za kukaanga: "Uniform yangu, Bibi! Mgonjwa ananiuliza, sister, umetoka kuvua?" Huyu anataka wali kila siku, yule bila ugali anasema hajala. Hayo ni ya kawaida, hata Mfuliiru na Mbembe, makabila ya kwetu, wanagombana hivyo.

Mbaya ilikuwa kununua. Lin ananunua kidogo kidogo kila siku akitoka kazini, mboga ya leo, nyama ya leo. Byamungu anakwenda duka kubwa mara moja baada ya muda mrefu, anasukuma kigari mpaka kinalia, anarudi na kuku wa barafu wa kulisha harusi, maharage ya kopo, unga juu ya unga. Wakagombania nafasi kwenye frigo. Mwenye mboga anasema zinapondeka, mwenye kuku anasema mboga zinajaza bure. Siku moja Lin akacheka akamwuliza, "Byamungu, kwa nini unanunua kama kesho vita inakuja?"

Niliona uso wa Byamungu ukifungwa kama mlango. Kesho yake akarudi na frigo ya pili, ndogo, akaiweka ukumbini. "Hii yangu. Ile kubwa yenu." Na kuanzia siku ile akala chake peke yake, kwenye kochi, mgongo umetugeukia.

Wazee wenzangu mnajua maana yake. Mume na mke wakila vyungu viwili, kwetu watu hawakungoja kuambiwa, walianza kuulizana habari za kurudisha mahari. Na kweli, Ijumaa moja Lin akatoka chumbani na begi. Akaliweka karibu na mlango. "Bibi, mimi naenda kwa mama. Wiki moja, wiki mbili, sijui." Macho mekundu.

Nikamwambia, "Utakwenda. Kwanza chukua kikapu."

"Bibi, today? Kweli?"

"Leo. Mama yako hakimbii."

Tukapanda treni mpaka Fairfield. Tulipofika kwenye duka la samaki, wamelazwa juu ya barafu, wanawake wamejaa, kila mmoja kiwiko chake, mimi nikarudi nyuma hatua kidogo. Mikono mgongoni. Nikanyamaza kama mama.

Vijana, niliyoyaona! Yule msichana aliyekuwa analia asubuhi alisukuma watu akafika mbele. Akamwinua samaki, jicho. Akamrudisha. Mwingine, akamfungua mashavu, akanusa, akamrudisha. Wa tatu akambonyeza tumbo, akanigeukia: "Huyu, Bibi. Amelala leo asubuhi." Muuzaji, Mchina mwenzake mwenye gambuti, akaanza kusifu. Lin akamjibu kwa Kichina. Maneno sikuyajua, lakini wimbo niliujua. Hii ni sauti ya bei kukataliwa. Hii ni sauti ya kutukanwa kwa upendo. Sasa anamwuliza mtoto wake hajambo. Yule bwana akainua kisu akate kichwa akitupe, kama wanavyowazoesha wateja wa hapa, Lin akapiga ukelele, akakikinga kichwa kwa mkono wake mwenyewe!

Halafu akahamia kwa mama wa mboga mlango wa pili. Akanunua majani, akalipa, mfuko ukafungwa. Nikadhani tumemaliza. Lin haondoki. Amesimama pale, mkono wazi, anamtazama yule mama. Yule mama anajifanya kupanga nyanya. Lin amesimama tu. Mwisho yule mama akacheka, akachomoa fungu la vitunguu majani, akamtupia ndani ya mfuko. Bure.

Matabishi!

Nilicheka Fairfield nzima ikageuka. Nikamshika mkono. "Mtoto wa watu, nani amekufundisha haya?"

"Mama yangu. Kwetu ukinunua mboga, lazima akupe kitunguu. Asipokupa, wewe kesho hurudi."

Hapo nikamkalisha kwenye benchi karibu na stesheni. Nikamwambia, "Wewe unanunua kama mama yangu. Mume wako hajui, na si kosa lake. Yule hajawahi kuona soko. Kambini chakula kilikuja na lori. Siku ya posho tunapanga foleni, tunapimiwa unga na maharage, basi mpaka mwezi mwingine. Lori likichelewa, tunachelewa kula. Nani angemfundisha kutazama jicho la samaki, na samaki hayupo? Akiona duka limejaa, wewe unaona chakula, yeye anaona lori ambalo huenda lisije tena. Ulipomwuliza habari ya vita, uligusa mahali penyewe."

Treni moja ikapita bila sisi. Kisha Lin akainuka, "Bibi, ngoja hapa," akarudi madukani. Akaja anaburuta gunia la mchele, lile kubwa kabisa. Tulirudi Guildford wanawake wawili, kikapu kimoja na gunia, na kijana mmoja wa shule akatupisha kiti akidhani tumefungua hoteli.

Tukapika sufuria moja. Samaki mzima kwa tangawizi na vile vitunguu vya bure, sombe yangu pembeni, ugali nimesonga mimi kwa sababu wa Lin bado ni uji wenye kiburi. Byamungu akarudi kazini, akaliona begi mlangoni, akasimama hapo hapo, buti mguuni. Hajui kama anaruhusiwa kuingia. "Kaa," nikamwambia. Akakaa.

Lin akaleta samaki mezani, akaizungusha sahani taratibu mpaka kichwa kikanitazama mimi. "Kwetu kichwa kinamtazama mkubwa," akasema.

Niwaambie ukweli. Utoto wangu wote kichwa cha samaki kilikuwa cha baba. Sisi wasichana tulipata mchuzi na mkia, tukashukuru. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimevuka ziwa na bahari, hakuna mtu aliyewahi kunigeuzia samaki anitazame. Nilikila chote. Mashavu, jicho, ubongo. Sikumwachia mtu.

Na Lin akalisukuma gunia kwa mguu mpaka kwa mumewe. "Hili lako. Weka chini ya kitanda. Likifika nusu, tunaleta lingine, kila mara, I promise. Halitaisha. Lakini samaki tunanunua siku ya kumla. Sawa?"

Byamungu alilitazama gunia. Akajaribu kucheka, ikashindikana, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa ile. Tulimwacha. Alipomaliza akanawa, akavuta ugali, akala sahani moja na mkewe. Begi Lin alilirudisha chumbani mwenyewe, mimi nikajifanya naokota miiba.

Nimeshinda, na nasema wazi nimeshinda. Mama yake Lin sasa anakuja kwetu, hatuna hata neno moja la pamoja, lakini tukienda kununua kuku wazima, yeye anashika kifua, mimi nashika paja, na muuzaji anatuogopa sote.

Ila nikitazama wengine, moyo unalegea. Enzi zile muuzaji aliijua nyumba yako yote kwa kukitazama kikapu chako, nani mgonjwa, nani amejifungua, nani hana kitu aongezewe bila kuaibishwa. Siku hizi vijana mnanunua kwa kidole gumba. Samaki hana kichwa, hana jicho, amefungwa nailoni, hakuna wa kumwuliza amekufa lini. Mtu anawaletea mfuko mlangoni, hamjui hata jina lake, naye hajui yenu. Mnakula, lakini hamjapokelewa. Soko la mama yangu sitalirudia, na waliosimama kwenye mabeseni yale wengi wao hawapo. Byamungu wangu hakupata hata siku moja ya utoto ule. Hilo ndilo lililoniuma kuliko frigo.

Basi Ijumaa ile ile, mezani, vidole bado vina samaki, niligonga meza, wakanigeukia wote wawili.

"Frigo ndogo iende kanisani, kuna familia zimefika juzi hazina kitu. Na kuanzia kesho, kila Jumamosi nyumba hii yote inakwenda sokoni, Byamungu mbele. Atakayebaki kitandani atakula alichokiota."