Saruji Kwenye Ukuta wa Udongo

Nina stashahada ya ujenzi, na sikupewa kwa huruma. Niliondoka Itetemia, kijijini kwetu nje ya mji wa Tabora, bila hata sanduku, nikabeba zege Dar es Salaam mchana, nikasoma jioni, nikarudi Tabora na gari langu na mafundi wanaoniita bosi. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimekasirikia nisichokijua.

Kwetu tulikuwa watu wa matofali. Baba alinifundisha kulisoma jengo kabla sijajua kusoma kitabu. Tukipita mjini alinionyesha kwa kidole: lile ni tofali la kuchoma la enzi za Wajerumani, ukiligonga linalia kama chungu kizima; zile nyumba za wafanyabiashara wa Kiarabu, kwenye njia ya misafara, ni tofali bichi, udongo wa kichuguu uliokanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi, ukaanikwa juani. Wanaosimulia habari za majengo hayo humtaja aliyeweka pembe za ndovu ndani, au afisa aliyelala humo. Aliyekanyaga udongo hatajwi. Hilo linaniudhi tangu utotoni.

Nyumba mojawapo ni ya bibi mjane wa ukoo wa Kiomani, ambaye mama yangu alinunua vitenge dukani kwake miaka yote. Kuta zake ni nene kama urefu wa mkono, na hata joto la Oktoba huishia kizingitini. Mwaka juzi wanawe walioko Maskati walileta fundi aipige lipu ya saruji. Harusi ya mjukuu ilikuwa inakaribia, na wao waliona haya wageni kuukuta udongo. Nilipita, nikasimamisha gari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamgeukia fundi. "Msipige saruji hapo. Tofali bichi linapumua. Maji yanayopanda kutoka chini yakikosa pa kutokea, ukuta utaoza kwa ndani. Tumieni chokaa."

Hakushuka ngazini. "Injinia, ukuta una pua?" Wenzake wakacheka. "Huo udongo wapelekee wenzako Itetemia. Huku mjini tumeshaendelea."

Bibi alinionea huruma. "Waache tu. Watoto wametaka nyumba ing'ae."

Iling'aa kweli. Picha za harusi zilipendeza. Msimu wa pili wa mvua ukuta wa mbele ukafura, na asubuhi moja ukalala barabarani. Mungu alisaidia, Bibi alikuwa jikoni, uani.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa. Sikukasirishwa na kifusi. Nilikasirishwa na maneno. "Tofali za udongo hizo, ulitegemea nini?" "Wazee walijenga kishamba." Ukuta uliosimama tangu wapagazi walipokuwa wakitua mizigo pale umeuawa na ganda la saruji kwa misimu miwili, halafu anayeshtakiwa ni tofali!

Bibi alikuwa amekaa kibarazani, simu mapajani, sauti ya mwanawe mkubwa wa Maskati ikisikika hadi barabarani.

"Wewe si ndiye msomi?" mwanawe aliniambia simuni, Bibi alipomtajia kwamba nimefika. "Vunja yote. Tuwekee bloku za saruji."

Tangu nirudi sikuwa nimepata kuitiwa kazi kubwa kama hiyo. Hata hivyo nikasema, "Sivunji. Kuta tatu bado nzima. Bibi, niruhusu nibandue lipu zikauke. Huu ulioanguka nitaujenga upya kwa tofali bichi."

"Mama, usimsikilize huyo. Baba yake si alikuwa mchoma matofali tu?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na babu yako alilala salama ndani ya matofali ya wazee wangu."

Simu ikaanza kufoka. Bibi hakuwa akiisikiliza. Alikuwa anatazama chumba kilichobaki wazi.

"Humu ndimo nilimoingizwa bibi harusi," alisema. "Kilikuwa chumba cha baridi nzuri. Tangu waipige hiyo saruji kinanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Sikuwaambia, maana walikuwa wamefurahi." Akaisukuma simu chini ya mto aliokalia, mwanawe angali anasema. "Bandua, mwanangu."

Nilibandua mwenyewe, kwa nyundo na patasi, msomi mzima na vumbi kichwani. Saruji ilitoka vipande vipana, udongo uliolowa umeshikamana nayo kwa nyuma. Fundi yule alipita akasema kwa sauti ili nisikie, "Kamvua mjane nguo." Hata wenzangu wa kanisani wameniuliza kwa nini ninaiharibu nyumba ya watu.

Matofali mapya yameanikwa uani, udongo wake umekanyagwa na vijana wa kwetu. Mvua hazijaanza. Kila nikipita naweka kiganja ukutani: juu pamekauka, chini bado pana unyevu. Bibi huniuliza kama ukuta utawahi kukauka kabla ya mvua. Namwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba saruji hairudi.