Samaki wa kwenye picha si wangu

(Msomaji huyu ametuomba tulifiche jina lake na kijiji chake. Yaliyobaki ni maneno yake mwenyewe.)

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa aibu. Nina miaka thelathini na minane, mke na watoto wanne, nakaa nje kidogo ya mji wa Tabora. Tangu ujana nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Dhambi yangu ina miaka sita sasa, na sijamwambia mtu, hata padri.

Mwaka ule bwana alikwenda likizo pwani ya kusini kabisa mwa Afrika, kwenye baridi, akatuchukua wawili: mimi na boi wake wa nyumba, nitakayemwita Maganga. Tulikua pamoja, tukabatizwa siku moja. Bwana alikuwa na kichaa cha kuvua jodari. Jamani, samaki mkubwa kuliko ndama, na Wazungu hawamli! Wanampima, wanampiga picha, wanapeana mikono, basi. Sisi wa kambale wa madimbwini tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku hiyo tukaingia baharini. Mimi nilianza kutapika nchi kavu ingali inaonekana, nikalala sakafuni mwa mashua namwomba Mungu anichukue. Samaki akala chambo. Bwana akavuta, mshipi ukamkata kiganja, damu ikamwagika. Akapiga kelele, "Maganga, shika!" Maganga akakaa kwenye kiti, akashika ufito wa kuvulia, akavutana na samaki yule tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Nilimsikia akihema na kunitania kwa Kinyamwezi, "Usife wewe, nani atanipikia ugali?" Mpaka samaki akapanda.

Gatini wakamtundika. Maganga alikuwa anafungwa viganja bendeji, vimechubuka vibaya. Mpiga picha akataka mtu asimame kando ya samaki ili ukubwa wake uonekane. Bwana akaniashiria mimi, nikasimama.

Wiki mbili baadaye Maganga alishikwa na homa ya mapafu, tukamzika hukohuko. Bwana akanirudisha Tabora, kisha yeye akaenda kwao Ulaya moja kwa moja. Nikabaki mimi na picha.

Sasa sikieni. Baba yangu ujanani alibeba pembe kwa miguu hadi pwani, akarudi na chumvi na kaniki. Kwetu mwanamume aliyefika pwani huulizwa amerudi na nini. Watu walijaa uani, picha ikapita mkono kwa mkono. Baba akauliza, "Huyu umemvua wewe?" Nikasema ndiyo. Lo, vigelegele! Mtu akauliza, "Na marehemu Maganga je?" Ulimi wangu huu, heri ungekatwa, ukajibu, "Yeye alikuwa anatapika tu sakafuni mwa mashua." Watu wakacheka, na mama yake Maganga alikuwa ameketi palepale mkekani na wanawake wenzake.

Tangu hapo naitwa Jodari. Vijana wananiomba niwasimamie ndoa zao. Kila penye pombe naambiwa nisimulie, nami nasimulia, na kila mara Maganga anatapika zaidi. Mungu anisamehe, kicheko chao hunipa raha.

Jumapili iliyopita mama yake alikuja kwangu na kikapu cha karanga. Amezeeka, macho yamefifia, anashika ukuta akitembea.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tunavyowaita mama zetu.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nakuomba, ukisimulia tena, pale pa kutapika uparuke. Sema tu kwamba Maganga alikuwepo."

Mwajua nilimjibu nini? "Sawa, mayu." Basi! Akanishukuru, tena kwa mikono miwili, na karanga zake nikazipokea.

Nikisema kweli, baba yangu mzee atafedheheka na mimi nitatemewa mate, nami nimestahili. Nikinyamaza, mama huyu ataingia kaburini akimwonea haya mwanawe, wakati mwenye haya ni mimi. Mara mbili nimefika mlangoni pake nikageuka. Ndugu zangu, neno la kwanza la kumwambia ni lipi? Niandikieni, hata kama ni matusi nitayasoma yote, ila msichelewe, maana mama huyu hana siku nyingi.