Shati ya Mikono Mifupi, Limuru

Bila mimi, Kitengela ingekuwa bado ni nyasi na swara. Hiyo mnajua.

Kwa hivyo leo nikimpeleka Mama Mutua Limuru, kutembea tu na kuangalia mashamba ya chai, nilikataa kubeba sweta. Si niliapa mbele yenu jana pale buchani? Mwanaume wa Kitengela aogope baridi ya Limuru?

Tukafika. Ukungu umefunika shamba lote.

Mama Mutua akatoa sweta kwa kikapu. "Baba Mutua, vaa."

"Mimi? Mimi nimezoea upepo wa kwetu Kisaju."

Kulikuwa na mama anachuma majani chai, amevaa gambuti na makoti mawili. Akaniangalia, akauliza bibi yangu, "Huyu mzee wako ako sawa? Hapa hata ng'ombe tunafunika na gunia."

"Niko sawa kabisa," nikamjibu.

"Sasa mbona unatetemeka?"

"Natetemeka na hasira."

Wakacheka wote wawili. Yaani bibi yangu mwenyewe, anacheka na mtu amemjua sasa hivi tu.

Picha ya huko shambani nimeweka hapo juu, angalieni vizuri. Shati ya mikono mifupi, kifua mbele, chai kila mahali. Mlisema nitarudi nimejifunga blanketi. Iko wapi? Semeni hapa chini.

Lakini ndani ya suruali nilikuwa nimevaa taiti za Mama Mutua, zile nzito za baridi, tangu asubuhi. Saa hii anazitafuta nyumba nzima, na mimi bado nimezivaa.