Fimbo ya Anayerudi

Asubuhi moja hapa mtaani Songo, jirani yangu alimwita mbwa wake aliyetoroka tangu jana. Mbwa akaja amefyata mkia. Jirani akamchapa fimbo.

Mama aliyekuwa akipita akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akashusha beseni kichwani. "Papa, unamupiga juu ya kutoroka? Yeye iko anajua tu: amerudi, fimbo ikamupata."



Mchana pikipiki ikamshusha mkewe, ambaye baada ya ugomvi wao alikuwa amekwenda kwa wazazi wake kijijini Lubarika. Jirani akafungua kinywa, kile kikali tunachokijua mtaa mzima. Akakifunga. Akampokea mfuko. "Ulishakula?"

Majirani tulitaka kupiga makofi. Mbwa, aliyetazama yote kutoka kwenye kona ya ukuta, hakusogea. Anangoja kwanza aone ya kesho.