Antena Juu ya Mnazi wa Uani

Nianze kwa kukiri kwamba kwa muda mrefu sikutaka jambo hili litajwe mbele yangu, na hapa Nyamisati wapo walionihurumia wakanyamaza, na wapo wengine (Mungu anawaona) ambao kila tukikutana bandarini hutazama kwanza juu, halafu hunitazama mimi, halafu ndiyo huniuliza habari za nyumbani. Leo nalisema mwenyewe. Aibu ukiisema kwa kinywa chako inapungua makali kidogo, ila kwisha haiishi.

Binti yangu Rukia anasoma madrasa Kibiti, na mwezi wa Ramadhani alichaguliwa kuingia mashindano ya kusoma Qur'an, tukaambiwa siku yake yataonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni baada ya alasiri. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, ndiye aliyemfundisha mtoto yule alifu na bee kabla hajamaliza kuota meno, kwa hiyo aliposikia akapanda boti kutoka Salale akaja kwetu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jicho moja limekwisha na la pili linafuata, na daktari hakumficha. Alipofika alisema neno moja tu: "Sauti yake naijua. Nataka nimwone sura yake akisoma, kabla hili nalo halijafunga."

Sasa televisheni yetu. Picha ilikuwa inaganda, inakatika vipandevipande, na msomaji wa habari anazungumza kama mtu mwenye kwikwi. Nilikuwa nimeshafanya ya kufanya, nimesafisha maungio ya waya maana hewa ya chumvi huku inakula shaba, nimenunua waya mpya, nimeifunga antena kwenye boriti la mkoko na kuisimamisha nje ya dirisha, ikaboreka kidogo halafu ikarudi kulekule, kwa sababu kati yetu na mnara kuna mikoko na minazi isiyo na hesabu. Jirani yangu Bwana Shomari, ambaye nguzo yake ni ndefu na picha yake haitikisiki, alikuja mwenyewe kunikaribisha. Akasema mleteni bibi, tutamwekea kiti mbele. Mimi nikakataa. Mkwe wangu akamtazame mjukuu wake kwa jirani, na mimi nipo? (Hilo ndilo kosa lenyewe, jamani, yaliyofuata ni matawi tu.)

Nikaamua kuipandisha antena juu ya mnazi wetu wa uani, ambao una vidato vya kukanyagia mpaka juu. Mkwezi wetu alikuwa amesafiri. Nikasema kwani mimi sina miguu.

Nyinyi wa huku mnajua, na asiyejua nimweleze: mabafu yetu ni ua wa makuti usio na paa, na aliye juu ya mnazi anaona kila kitu, ndiyo maana mkwezi hapandi kabla hajaita akiwa chini, mwenye kuoga ajistiri, na akishaita hungoja. Hata mtoto anajua. Mimi sikuita. Akilini mwangu mwito ule ulikuwa wa mtu anayekwenda kuangua nazi, na mimi nilikuwa nakwenda kufunga antena, na isitoshe waya nilikuwa nimeushika kwa meno. Nikapanda na swaumu yangu, koo limekauka, najiona fundi.

Nilipofika juu nikaanza kuigeuza antena polepole, na mke wangu Zainabu yuko ndani anatazama kipimo cha mawimbi kwenye kioo na kunipigia kelele dirishani, bado, bado, rudisha, mpaka akasema, "Hapo hapo, Baba Rukia, usisogee." Nikaganda. Na pale nilipoganda, uso wangu ulikuwa umeelekea bafuni, na bafuni alikuwamo mama mkwe wangu, ameshika kata ya maji, anajimwagia apate kupoza joto la swaumu.

Nilifumba macho, lakini macho yakishaona yameona.

Alisikia makuti yakichakacha. Akainua uso kwa ule ukungu wake akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani huyo juu?" Sikujibu. Ningejibu nini, na waya kinywani? Akajibu Zainabu kutoka ndani, kwa furaha ya mtu aliyepata picha: "Ni Baba Rukia, mama, anafunga antena."

Nikasikia kata ikianguka. Antena ikaniponyoka ikapiga bati la jiko kwa kishindo, na majirani wakaja mbio wakidhani nimeanguka, wakanikuta nimeukumbatia mnazi, macho nimefumba, na chini yangu bafu, na bafuni mama analia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke mmoja aliweka kanga mdomoni akageuka kurudi alikotoka. Bwana Shomari ndiye aliyeniambia nishuke, na nikashuka uso nimeuelekeza kwenye ukuta wa nyumba.

Mama akajifungia chumbani. Bwana Shomari akamkaribisha tena kwake, mama akajibu kupitia mlangoni kwamba hawezi kupita mbele ya watu siku ile. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nilikuwa nimemfungia njia ya pili kwa mikono yangu, na ya kwanza nimeiangusha juu ya bati, na alasiri inaadhiniwa.

Bwana Shomari akaniambia, "Nguo kwanza, maneno baadaye." Nikaenda dukani nikanunua doti ya kanga, nikampa Zainabu ampelekee mama imstiri, pamoja na radhi zangu. Akakaa humo ndani muda, na mimi nimeinama kwenye kibaraza naunyoosha mkono wa antena uliopinda, nalia bila kujificha. Zainabu alipotoka alinieleza jibu kama alivyopewa: "Nguo nimeipokea. Mwambie mumeo mtoto anakaribia kusoma, na mimi sina jicho la kungojea mwakani. Apande. Lakini safari hii aite."

Zainabu akahamishia televisheni chumbani kwa mama. Mimi nikasimama chini ya mnazi, mtaa mzima umetulia unasikiliza, nikaita kwamba napanda, mwenye kuoga ajistiri. Sauti ilinikatika katikati, nikarudia. Watu kadhaa walicheka, na walikuwa na haki. Halafu ikaja sauti kutoka chumbani: "Panda, mwanangu. Tumejistiri."

Antena haikukubali tena kufungwa, kila nikiiachia picha inakatika, kwa hiyo niliishika kwa mkono mpaka mwisho, macho nimeyafumba ingawa safari hii hakukuwa na cha kuona. Nikamsikia Rukia akisoma kutoka dirishani, sauti imenyooka bila kwikwi hata moja. Mwanangu alisoma mbele ya nchi nzima na baba yake sikumwona.

Wakati wa futari nilikaa kibarazani peke yangu. Pazia la mlango likasogea kidogo, mama akakaa nyuma yake, sikumwona wala sikujaribu. Akaanza kunisimulia alivyomwona mtoto. Alivaa mtandio mweupe, alisema, ukawa unamteleza upande wa kushoto, akaurudisha bila kukosea herufi. Amekonda kidogo. Alipomaliza alitazama chini kama wewe ukiona haya. Kisha akasema, "Nimemwona vizuri."

Jicho lile limekwisha funga. Na mimi tangu siku ile sipandi kitu bila kuita, hata kiti cha kubadilishia taa ya sebuleni, na mama akiwa kwetu hujibu kutoka chumbani kwake kwamba nipande tu.