Trekta ya Theluji, Riyadh

Juzi, katika duka la vipuri hapa Riyadh, jua la utosi likiwaka nje, aliingia Mkenya kavaa koti zito na kofia ya sufu yenye masikio. Akaweka mkanda uliokatika juu ya kaunta.

"Ni wa trekta ndogo ya bustani. Naondolea theluji."

Muuzaji, Mtanzania, akacheka. "Kaka, Riyadh theluji mafi, hakuna kabisa!"

"Iko ndani ya jengo la maduka, kwa ukumbi wa watoto kuteleza. Wananingoja."

Mama yake akapiga simu kutoka Kenya. Mikono ina grisi, jamaa akaweka spika.

"Mama, trekta ya theluji imeharibika."

"Theluji? Huko Saudia? Mwanangu, hebu kaa kivulini unywe maji."

Akajifuta jasho, akaomba maji.

Sasa kwao wanamwombea apate akili, na watoto wa Riyadh wanamwombea apate mkanda.