Kivuli cha Langoni

Kwao alikuwa mchora vibao vya maduka, na hata ugenini, alikopata nafasi ya kusomea sanaa akiwa na mvi tayari, waliendelea kumwita Fundi. Kibao huchorwa kutoka juu kushuka chini. Sehemu ikishakamilika haiguswi tena. Mkono wake haukujua njia nyingine.

Siku mwalimu alipowatoa nje kuchora bustani ya chuo, Fundi alianza asubuhi na paa, akashuka polepole hadi ukuta wenye lango. Alipolifikia benchi lililoelekea lango hilo, jua lilishahamia upande wa pili.

Mwalimu akasimama nyuma yake. "Fundi, picha yako ina majua mawili." Wenzake wakacheka. "Halafu huyu ukutani ni nani? Kivuli kipo, mwenyewe yuko wapi?"

Fundi akatazama. Benchi lilikuwa tupu. Juu yake, ukutani, alikuwa amechora kivuli cha mtu aliyeketi, kitambaa kichwani, bega la kushoto limeshuka. Alikichora kama alivyokiona. Ila aliyeketi hakukumbuka kumwona. Bega lile alilijua. Mama yake alizikwa mwanzoni mwa mwaka, naye hakwenda.

"Ukifute, au umweke mwenyewe," mwalimu akasema. "Ndiyo picha yako ya mtihani. Ikibaki hivi sikupitishi."

Kukifuta hakuthubutu. Kila asubuhi akawa anavizia benchi. Alikaa mfagiaji, wakakaa wapenzi, akakaa mzee na gazeti lake. Hakuna aliyekuwa na bega lile. Mwishowe akaamua kumweka mama, ameketi, amemgeukia mchoraji. Kitambaa kilikuja chenyewe, mikono ikaja. Usoni brashi ikagoma. Uso wa mama haukuwemo tena kichwani mwake.

Akampigia dada yake simu.

"Dada, mama alikuwa na uso wa namna gani?"

"We naye. Miaka yote ile ulikuwa unaangalia wapi?"

"Kazi."

Dada akavuta pumzi. "Mimi mwenyewe mwishoni nilimzoea mgongo. Alikuwa anakaa uani, kaelekea mlango wa nje. Ukigongwa anauliza, ndiye huyo? Namwambia siye, mama. Anasema basi, atakuja."

Kesho yake Fundi akakwangua umbo lile lote, akamkalisha upya mama, safari hii amempa mgongo, anatazama lango. Kivuli kikampata mwenyewe, kikamkaa sawasawa.

Mwalimu akampitisha. "Sura yake ningependa kuiona," akasema.

"Hajageuka, mwalimu."

Picha ikatundikwa ukumbini. Watu waliisifia utulivu wake. Fundi hakuisogelea. Tena tangu siku hiyo hakupita kwenye lango lile. Mpaka anamaliza masomo, alikuwa akizunguka jengo zima, kwenye mvua na kwenye jua, aingilie mlango wa jikoni.